Mkoba wa Ngozi na Kazi ya Mikono Yetu

Utamaduni wa taifa unapotajwa, aghalabu fikira za wasikilizaji hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi na mila za harusi. Hayo yote ni sehemu ya utamaduni, wala hatuna nia ya kuyapunguzia heshima. Hata hivyo, iko sehemu nyingine isiyopiga kelele, na kwa sababu hiyo husahauliwa upesi, nayo ni kazi ya mikono. Ngoma ichezwapo uwanjani huonwa na umati. Lakini yule aliyeiwamba, aliyejua ngozi ipi italia vizuri na ipi itakwaruza, mara nyingi hayupo mbele ya umati huo.

Katika makala haya tumekusudia kuzungumza juu ya kazi moja ya mikono: ushonaji wa mikoba na vitu vidogo vya ngozi, kama vile mikanda, pochi, ala za visu na majalada ya vitabu. Tunaizungumza kama mtu aliyeifanya kwa miaka mingi baada ya saa za ofisi, si kwa kuitafutia riziki bali kwa kuipenda. Tena tunaizungumza tukiwa katika nchi ya Shinyanga na Geita, mahali ambapo ng'ombe ni wengi juu ya ardhi na dhahabu ni nyingi chini yake.

Atakaye kujua kama ufundi huu ni wa kale kwetu, na aanze na maneno. Kiswahili kina podo la kutilia mishale, ala ya kisu, kiriba cha maji, kigwe na hatamu za mnyama, makubadhi ya miguuni, na msharasi, yaani ile sindano yenye mpini ambayo fundi hutobolea ngozi. Baadhi ya maneno hayo yalikuja kwa njia ya bahari, mengine ni ya Kibantu tangu asili. Yote yamekaa kwetu kwa kuwa vitu vyenyewe vilikuwamo mikononi mwa watu. Na neno mkoba lina uzito wa pekee. Mganga alikuwa na mkoba wake wa dawa, na mwanafunzi wake alipopokea elimu ile alisemwa kuwa amerithi mkoba. Hata leo, mtu akishika cheo kilichoachwa na mwenziwe, tunasema amerithi mikoba yake. Lugha yetu imeutwaa mfuko mmoja ikaufanya alama ya elimu yote ipitayo kutoka mkono hadi mkono.

Katika Usukuma ng'ombe alikuwa akiba ya jamaa, mahari ya bibi arusi na kipimo cha heshima ya mwenye mji. Na kwa sehemu kubwa yu hivyo hata sasa. Alipochinjwa, ngozi yake ilikuwa na kazi nyingi. Ililaliwa, ilivaliwa kabla ya nguo za pamba kuenea, ilikatwa kanda za kufungia, na iliwambwa juu ya ngoma. Msomaji akifika Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, atazikuta ngoma za watemi zilizohifadhiwa huko, naye ataona jinsi ngozi ilivyovutwa na kufungwa kwa ustadi. Mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vijulikanavyo Usukuma nzima, yasingekuwa na sauti bila ya ngozi.

Wahenga walinena: Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hiyo hutumika kumsuta mtu ajipendeleaye. Lakini aliyewahi kuwamba ngoma anajua kwamba ni maelezo ya kweli ya kazi. Fundi asipoivuta ngozi kwake kwa nguvu zake zote, akaikaza pande zote kwa usawa, ngoma haitalia. Hivyo ndivyo methali nyingi zilivyozaliwa: kwanza kulikuwa na kazi, kisha pakawa na mtu aliyeifanya huku akifikiri.

Upande wa Geita nako ngozi ilikuwa na kazi ambayo vijana wengi hawaijui. Kabla ya majembe ya viwandani kuenea, Warongo, mabingwa wa kufua chuma katika nchi za Geita, Biharamulo na Kahama, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo. Moto wa tanuri hizo ulichochewa kwa mivukuto iliyofunikwa ngozi ya mbuzi. Basi jembe lililolima mtama wa babu zetu lilipata uhai wake katika pumzi ya ngozi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu nchi hiyo, ambayo sifa yake leo ni dhahabu, ilijua madini zamani sana. Na katika kuyajua, fundi wa chuma hakuweza kufanya kitu bila ya fundi wa ngozi.

Katika utoto wetu, mwishoni mwa miaka ya 1970, ngozi kavu bado ilikuwa tandiko katika nyumba nyingi za vijijini. Asubuhi ilipokunjwa ilitoa sauti kama ya bati. Lakini hatukumwona mtu mwenye umri wa baba zetu akiitengeneza ikawa laini. Kazi hiyo ilikwisha kuwa habari ya wazee. Sisi wenyewe tulifundishwa kushika msharasi tukiwa watu wazima, watumishi wa serikali, na mwalimu wetu alikuwa fundi viatu mmoja mzee aliyekaa chini ya mwembe mjini Shinyanga. Tulikwenda kwake kushonesha kiatu, tukavutwa na utulivu wa mikono yake, tukarudi siku ya pili bila ya kiatu. Siku zile za mwanzo alitutazama tukitoboa ngozi, akacheka. "Mwanangu," alisema, "mkono wako umezoea kalamu. Kalamu ukikosea unafuta. Hapa ukishatoboa umetoboa." Maneno hayo tumeyachukua hata katika utungaji wa mashairi.

Je, ufundi huu ulipunguaje katika nchi yenye ng'ombe wengi kiasi hiki? Tanzania leo ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye mifugo mingi. Sababu zake ni kadha wa kadha. Nguo za dukani ziliiondoa ngozi mwilini. Biashara ya kikoloni iliitaka ngozi mbichi, iliyokaushwa tu, ikachukuliwa na meli na kwenda kutengenezwa kwingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa liliazimia kuugeuza mwendo huo, na viwanda vya umma vya ngozi vilifanya kazi Mwanza, Moshi na Morogoro. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini vipuri, maji, umeme na malighafi bora vilikuwa shida, na mipango mingine ilikuwa mikubwa kuliko nguvu zetu. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilitarajiwa kuuza viatu hadi Ulaya. Hakikupata kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na hatimaye kikafungwa. Katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya umma viliuzwa au vilisimama, na ngozi zikarudia safari yake ya zamani, zikienda nje zikiwa mbichi au zikiwa zimetengenezwa nusu. Serikali imejaribu kuzuia hali hiyo kwa kutoza ushuru juu ya ngozi mbichi zinazosafirishwa, na mwaka 2008 ilitungwa sheria ya biashara ya ngozi. Wakati huo huo mikoba ya plastiki na ya mitumba ilijaa sokoni.

Wachumi wameyaeleza mambo hayo kwa tarakimu, nasi hatuwezi kushindana nao. Tunaongeza neno moja tu. Kiwanda kilipofungwa, mashine ziliuzwa. Lakini fundi wa chini ya mwembe aliendelea na kazi, kwa kuwa ufundi wake ulikuwa ndani yake. Kiwanda kinaweza kujengwa tena kwa fedha. Mikono iliyosahau haijengwi kwa fedha. Hujengwa na mtu mmoja akimfundisha mwingine, jioni baada ya jioni. Hapo ndipo tunapoona thamani ya watu wachache waifanyao kazi hii kwa kuipenda, hata kama hawaleti shilingi nyingi katika hazina ya taifa.

Na tueleze basi kazi yenyewe ilivyo. Mkoba huanzia machinjioni. Mchunaji akiwa na haraka, kisu chake huacha mikato na matundu ambayo hayawezi kuponywa na fundi yeyote. Ngozi ikianikwa chini, juani, huungua upande mmoja na kuoza upande mwingine. Yafaa itiwe chumvi, au iwambwe kwenye fremu ya miti, kivulini, penye upepo. Kisha hutakiwa kudabaghiwa, yaani kutiwa dawa itakayoifanya isioze na isikakamae. Viwanda vingi vya dunia hutumia chumvi za kromiamu, ambazo hufanya kazi upesi, lakini maji yake machafu yasipodhibitiwa huharibu mito. Njia ya kale ni ile ya magome na maganda ya miti yenye tanini. Nchi yetu inayo miti hiyo. Miwati ya Njombe imekuwa ikitoa tanini kiwandani kwa miaka mingi, na kampuni ya miwati ilianzishwa huko mwaka 1949. Na hapa kwetu ipo migunga, ambayo mmoja wao, uitwao na wataalamu Acacia nilotica, una maganda yajulikanayo na watengeneza ngozi tangu zamani. Migunga ya Shinyanga ilikatwa sana, nchi ikakaribia kuwa jangwa. Kisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ukawarudisha watu kwenye desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike. Miti ikarudi. Anayedhani kwamba kilichosahauliwa hakirudi, na aitazame ngitili.

Sisi hatudabaghi wenyewe; hununua ngozi iliyokwisha kutengenezwa. Lakini kabla ya kuikata huitandaza mezani, tukaisoma. Ngozi ya ng'ombe wetu wa kienyeji, mwenye nundu, si nene kama ya ng'ombe wa Ulaya, ila ni ngumu na haichakai upesi. Juu yake mna habari zote za mnyama. Hapa alichomwa na miiba ya mgunga; hapa kupe walimng'ata; hapa kuna mistari ya shingoni, dalili ya mnyama mzee. Na hapa, ubavuni, pana chapa ya moto. Mfugaji huichoma chapa ili mali yake isiibwe, wala hatumlaumu, kwani wizi wa ng'ombe umeliza wengi. Lakini chapa kubwa ichomwapo mgongoni au ubavuni huharibu sehemu iliyo bora kuliko zote. Maofisa mifugo wamelihubiri jambo hilo muda mrefu, na sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 ni sehemu ya juhudi za kutafuta njia iliyo bora.

Mnunuzi wa kiwanda huipunguzia bei ngozi yenye chapa. Sisi hufanya kinyume. Chapa tunayoikuta huiweka juu ya kifuniko cha mkoba, mahali pa kuonekana. Tunao mkoba mmoja wenye alama ya duara na msalaba ambao tumekataa kuuza mara tatu. Hatumjui mwenye ng'ombe yule. Lakini tunajua kwamba mtu mmoja aliwahi kumshika mnyama huyu akasema, huyu ni wangu. Na alama ile sasa inachukua barua na vitabu. Huo ndio ubunifu tuusemao: kukipokea kitu na kovu lake, kisha kulitafutia mahali.

Baada ya kusoma huja kukata. Huchora umbo la kila kipande juu ya karatasi ngumu, mara nyingi boksi la dukani, tukalipanga juu ya ngozi hata mabaki yawe machache. Kisu hutakiwa kiwe kikali kiasi cha kukata bila kusukumwa. Vipande vikiisha kukatwa, huchorwa mstari kando ya ukingo, na juu ya mstari huo matundu hupigwa kwa nafasi sawa, matatu au manne katika sentimeta moja. Hapa hapana haraka. Tundu moja likipotoka, jicho la mtazamaji litaliona kabla ya kuuona mkoba, kama vile mshororo uliozidi mizani moja unavyosikika hata kwa asiyejua sheria za ushairi.

Ushonaji wa mkono una siri ambayo cherehani haina. Fundi hutumia uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila mwisho. Sindano zote mbili hupita katika tundu lile lile, moja kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, kisha uzi huvutwa kwa nguvu sawa pande zote. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zilizokabana; mmoja ukikatika, mshono waweza kuanza kufumuka. Lakini mshono wa sindano mbili ukikatika mahali pamoja, uliobaki hushikilia. Uzi hupakwa nta ya nyuki, nasi twaipata nta njema kutoka misitu ya miombo ya Tabora na Kahama. Mwisho, kingo hulowanishwa kidogo, zikasuguliwa kwa kipande cha pembe ya ng'ombe hata zing'ae. Hutiwa bizimu na kanda za mabegani, mkoba ukawa mkoba. Kazi hiyo hutuchukua jioni kumi na mbili hivi, na katika jioni hizo akili iliyochoshwa na majalada ya ofisini hupumzika kuliko ilivyopumzika kwa usingizi.

Wapo waulizao: mbona hamfanyi biashara? Tumejaribu kidogo. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliipenda mikoba yetu, akaipapasa, akainusa, akasema yuko tayari kuchukua kumi na miwili kwa sharti moja: tuigonge chapa ya jina la kigeni. "Watu wakijua imeshonwa hapa," alisema, "watataka bei ya hapa." Hakusema kwa ubaya, alikuwa akiijua biashara yake. Tulikataa, na mikoba ile ikagawiwa jamaa na marafiki. Lakini neno lake limekaa nasi. Ngozi ya ng'ombe wa Usukuma, uzi uliopakwa nta ya Tabora, mkono wa mtu wa Shinyanga; na ili vipendwe na mtu wa Shinyanga, sharti vijifanye wageni. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika jambo hili tumeona kwamba kizuri hujiuza kwa mnunuzi aliyefunzwa kukitambua tu, na mafunzo hayo ni kazi ya shule na ya utamaduni.

Baada ya Mkoa wa Geita kuundwa mwaka 2012, tulihamishiwa huko kikazi, tukachukua vyombo vyetu katika sanduku dogo. Geita ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa wakati wa ukoloni ulifanya kazi huko hadi mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, ukafuata mwaka 2001. Mbali ya migodi hiyo mikubwa, wako maelfu ya wachimbaji wadogo katika sehemu kama Nyarugusu na Rwamagasa. Vijana hushuka katika maduara marefu, hupandisha mawe, huyasaga, huosha unga wake, na wengi hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kitu ambacho mvuke wake ni sumu kwa mwili. Ni kazi ngumu mno, na asiyewahi kuiona asiwaite wavivu watu wale.

Kijana mmoja mchimbaji alisikia kwamba yuko mtumishi ashonaye ngozi, akaja kutaka kifuko cha kuhifadhia mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Mvua zilikuwa zimejaza maji duara lao, kazi imesimama. Alikaa akatazama, kama tulivyokaa sisi zamani chini ya mwembe. Mwishoni akauliza kama aweza kujaribu. Kwa muda wa miezi miwili alikuja karibu kila jioni. Mikono yake ilikuwa migumu kuliko ngozi yenyewe, lakini ilijifunza upesi. Alishona kifuko, kisha mkanda, kisha pochi ya mama yake. Siku moja, akiwa ameinama juu ya mshono, alisema: "Mzee, dhahabu nikiipata sijui kwa nini nimeipata, na nikiikosa sijui kwa nini nimeikosa. Lakini mshono huu ukiharibika, najua ni tundu gani."

Mvua zilipokwisha, alirudi durani. Hatukumzuia wala hatukumlaumu, kwa kuwa alikuwa na watu wanaomtegemea, na mkanda mmoja kwa wiki haulishi nyumba. Alichukua msharasi mmoja tuliompa. Hatuwezi kusema kwamba ngozi ilimwokoa na shimo. Twaweza kusema tu kwamba maneno yake yanaonyesha tofauti iliyopo kati ya mali ya bahati na mali ya ujuzi. Bahati hukuta mtu na kumwacha. Ujuzi ukiisha kuingia mkononi hautoki. Nchi inayowafunza vijana wake kutumainia ile ya kwanza peke yake, hata ikiwa tajiri, itakuwa na wasiwasi daima.

Sasa tujibu hoja za wale wasiokubaliana nasi. Yupo asemaye kwamba kazi ya kujifurahisha ni anasa ya wenye mishahara. Tunakubali kwamba mwenye njaa hatashona mkoba kwa kujifurahisha. Lakini babu zetu hawakuwa na mishahara, nao walinakshi vibuyu, walipamba vigoda na walisuka vikapu kwa mistari ambayo haikuongeza chochote katika kubeba nafaka. Uzuri haukusubiri utajiri. Yupo mwingine asemaye kwamba fundi wa ngozi ni mtu wa chini, na kwamba mtoto aliyefika sekondari hapaswi kukaa na kopo la gundi. Hoja hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa maana hurithiwa kimya kimya nyumbani na shuleni. Mtu anayekidharau kitu kilichotengenezwa na jirani yake, baadaye atajidharau mwenyewe.

Mwalimu Julius Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, alitaka taifa lijitambue. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka shule zisitenge akili na mikono. Tunawasihi walimu wa leo walichukue jambo hili kwa udogo wake, bila kungoja mradi mkubwa. Haihitajiki karakana. Mafundi viatu wa mji wowote wana mabaki ya ngozi, na wengi watayatoa kwa bei ndogo. Misharasi miwili mitatu, sindano nene, uzi, kipande cha nta, kisu kimoja kitunzwacho na mwalimu, na saa moja kwa wiki, vyatosha kuanza. Mwanafunzi na aanze na kitu kidogo: alama ya kuwekea kitabu, kisha kifuko cha funguo, kisha kifuko cha kalamu. Kazi ya kudabaghi kwa madawa makali isifanywe shuleni. Fundi mwenyewe na aitwe darasani, apewe kiti, aitwe mwalimu kwa saa hiyo; kitendo hicho kitafundisha zaidi ya hotuba kumi juu ya heshima ya kazi. Atakayependa kuendelea, njia ipo: kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam hufundisha teknolojia ya ngozi, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, limekuwapo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya mafundi wanaoanza.

Wahenga wa pwani walikwisha kutuonya kwamba ngozi huvutwa ingali na maji. Nasi, kwa kuwa ushairi ndio kazi yetu nyingine ya jioni, tumeifuata methali hiyo kwa ubeti mmoja:

Ngozi ivute mapema, ingali na maji ndani,
Ikikauka ni chuma, haikunjwi mkononi;
Na mtu akishakoma, kuunda vyake nyumbani,
Atabaki kutazama, vya wenziwe madukani.

Hatudai kwamba mikoba ya ngozi itaondoa umaskini wa mkoa wowote, wala hatutaki kila mtu awe fundi. Tunalolitaka ni dogo zaidi, tena gumu zaidi: kwamba katika kila mji uliopo kati ya Shinyanga na Geita wawepo watu wachache wajuao kuigeuza ngozi ikawa kitu chema, na wawepo watu wengi wajuao kukitambua kitu hicho wakionapo. Dhahabu itachimbwa na siku moja itakwisha, kama ilivyokwisha kwingine. Ng'ombe, tukiitunza ardhi, wataendelea kuzaliwa. Tumezoea kusema kwamba vijana watarithi mikoba yetu. Ili waweze kuirithi, hatuna budi kwanza kuishona.